Nimeichukua Nzito

Chumba cha Kupiga Chapa,
Mlango wa tatu, nyuma ya posta.
Jumamosi, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mumeo na huyo mdogo wenu. Meno yake yameshatoka yote au bado anawasumbua? Na mgongo wako unaendeleaje? Uliniambia unakaa kwenye kiti saa tisa kwa siku. Mimi nimekaa kwenye kiti miaka thelathini na minne, kwa hiyo nisikilize: weka mto mdogo nyuma ya kiuno, na kila ukimaliza kazi moja simama kidogo, hata kama bosi anakuangalia.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linaniletea maneno nikipanda ngazi, lakini kwa kuwa chumba changu kiko chini, tunaheshimiana. Macho ni mazima nikivaa miwani. Vidole havina tatizo lolote, na nadhani hilo ndilo linalowaudhi watu hapa.

Umezoea kunisikia kwenye simu, dakika mbili mbili, kwa hiyo utashangaa kupata karatasi. Nimeandika barua kwa sababu jambo nililonalo ni refu, na kwenye kundi la familia hakuna anayesoma zaidi ya mstari wa pili. Baba yako mdogo husoma wa kwanza tu na kujibu palepale. Sasa tafuta mahali ukae, usome mpaka chini kabla ya kunipigia.

Ni kuhusu kompyuta.

Kwanza nakushukuru tena kwa hela ulizotuma. Ulipoandika kundini kwamba unataka kuninunulia laptop mpya kabla ile ya zamani haijanifia mikononi, nilifurahi mpaka nikawaonyesha wateja. Ukauliza swali zuri: shangazi achague ipi, hii nyepesi ya siku hizi ambayo kila kitu chake kinakaa mtandaoni, au ile ya kawaida inayobeba programu na mafaili yake yenyewe tumboni? Swali uliniuliza mimi. Nilikuwa na mteja, nikasema nitajibu nikimaliza.

Nilipomaliza nikakuta nimeshajibiwa. Ujumbe arobaini na mmoja. Baba yako mdogo, ambaye rimoti ya televisheni humshinda, alikuwa ameeleza uzuri wa kuweka vitu mtandaoni utafikiri mtandao aliuanzisha yeye. Mdogo wangu wa kike akasema nyepesi ni nzuri kwa sababu ina rangi ya fedha. Na mwanangu, huyo binamu yako tunayemwita Mkurugenzi tangu akiwa na miaka sita kwa jinsi alivyokuwa akiwapanga wenzake foleni hata ya kunawa mikono, akafunga mkutano. Nyepesi imepita, akaandika. Mama hana mambo mengi, ni vibarua vya kuandika tu. Hata wewe, Chiriku, usijifiche nyuma yao. Uliandika kwamba nyepesi ingenitosha.

Neno hilo lilinikaa kooni siku mbili. Sijui ni lini hasa watu hukaa na kuamua kwamba fulani sasa apewe vya kumtosha. Ulipokuwa unaanza shule, mimi na marehemu baba yako tulikununulia viatu vilivyozidi namba moja ili ukue navyo, na ulivivaa na soksi mbili. Hakuna aliyetafuta vya kukutosha. Mimi nina miaka sitini na moja na bado nakua.

Hujaingia chumbani kwangu tangu nihamie huku nyuma ya posta, basi nikuonyeshe. Kina dirisha moja lenye pazia nusu, meza, printa ya zamani inayokohoa kabla ya kutoa karatasi, na benchi la wateja. Nimeliweka benchi lielekee meza, ili anayekaa anione mimi na asione kioo cha kompyuta mpaka nimgeuzie. Watu hudhani naandikia wasiojua kuandika. Hao walikuwa zamani. Siku hizi nusu ya wanaokuja ni wasomi kunishinda. Wanakuja kwa sababu kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyaandika nyumbani kwake, kwenye simu ambayo mtoto huchezea na mume huazima. Malalamiko dhidi ya mkubwa wa kazi. Wosia. Maombi ya kazi kwingine wakati bado unalipwa hapa. Barua ya kumwomba radhi ndugu mliyeacha kusalimiana miaka minane.

Nilipoanza kazi hii kwenye ofisi kubwa tulikuwa wapiga chapa kumi na wawili katika chumba kimoja. Mkuu wetu, mama mmoja mnene na mkali wa jicho, alitufundisha jambo hata kabla ya kutufundisha kuingiza karatasi kwenye taipureta. Karatasi ya kaboni ikitumika mara moja, ukiinyanyua kwenye mwanga unasoma barua nzima. Kwa hiyo barua ya siri hupigwa kwa kaboni mpya, na kaboni hiyo anakabidhiwa mwenye barua pamoja na barua yake. Nilifanya hivyo miaka yote ya taipureta. Ilipokuja kompyuta nikatafuta namna yake: kazi ikiisha namuuliza mtu, nifute au nitunze? Akisema futa, namgeuzia kioo, nafuta huku akiona. Wengi husema futa. Ukiwaangalia utaona wanashusha mabega, kama mtu aliyetua ndoo.

Hicho ndicho ninachouza. Kupiga chapa hata wewe unaweza.

Sasa, nikiwa bado natafakari cha kukujibu, ile laptop ya zamani ikazima kioo moja kwa moja. Mkurugenzi akaniletea nyepesi moja aliyokuwa nayo nyumbani, nijaribu wiki mbili, akijua nikiizoea ubishi utaisha. Na hapa nitasema kweli, maana sipendi kumsingizia mtu wala mashine. Niliipenda. Ilikuwa inawaka kabla sijamaliza kufuta miwani. Ukiibeba ni kama daftari. Chaji ya asubuhi ilinifikisha jioni, umeme ukatike usikatike. Wateja walileta flashi zao zenye kila aina ya virusi na haikutikisika. Nikisahau kuhifadhi, inahifadhi yenyewe. Siku ya tatu nilikuwa nimeanza kuisifia kwa muuza vitabu wa mlango wa pili.

Ilikuwa na visa vyake, siwezi kusema haikuwa navyo. Mtandao wa huku nyuma hukatika mara tatu kwa siku, na ukikatika ilikuwa inabaki inanitazama tu. Mkurugenzi anasema inaweza kufanya kazi bila mtandao ikipangwa, sawa, lakini hakuipanga. Halafu iliikataa printa yangu katakata, ikawa nikitaka karatasi natuma kwenye printa ya muuza vitabu, kisha nachomoka na goti langu hili niiwahi karatasi kabla jicho la mtu halijaiwahi. Jirani zangu walifikiri nimeanza mazoezi.

Jambo lenyewe lakini halikuwa hilo. Mashine ile ikiwashwa mara ya kwanza inataka barua pepe ya mwenyewe. Mimi nilikuwa sina, wateja wangu huja na zao. Mkurugenzi akasema usihangaike mama, akaweka yake. Wala sikushtuka. Unamjua. Namba ya simu ya Mkurugenzi ndiyo iliyo kwenye mita yangu ya maji, kwenye kadi za kliniki za watoto, kwenye fomu ya miwani ya baba yako mdogo. Familia nzima tumezoea kwamba panapotakiwa namba panawekwa ya Mkurugenzi, naye anaona ni wajibu wake, tena kwa moyo mweupe. Kwa hiyo kosa ni langu pia, na nalibeba. Miaka yote hiyo nalinda kaboni za watu, halafu naziweka kwenye mfuko wa mwanangu bila kuuliza zinakwenda wapi.

Yanayofuata nayaandika kwa ruhusa. Mwenye habari hii amesoma ukurasa huu kabla haujaingia kwenye bahasha, akakata sentensi mbili, na nimezitoa.

Jumanne ya tarehe 22 mwezi uliopita, saa ya chakula cha mchana, aliingia wifi yako Muuguzi, mke wa Mkurugenzi. Nilifikiri amekuja kunisalimia, nikainuka nimpishe kiti changu. Akapita, akakaa kwenye benchi na viatu vyake vyeupe vya kazini, akashika mkoba magotini. Akaniambia, "Leo nimekuja kama mteja, mama." Nikarudi kitini.

Alitaka kuomba nafasi ya masomo ya juu ya uuguzi, miaka miwili, katika mji mwingine. Ni mwanamke ambaye daktari akikosa mshipa wa mtoto huitwa yeye. Wakubwa zake walimwambia ajaribu. Mumewe alikuwa hajui, na nilipomtazama alijibu kabla sijauliza: mara ya kwanza alipoligusia, alikatazwa kabla hajamaliza kueleza, kwa hiyo safari hii alitaka kwanza ajue kama atapata, ndipo azungumze akiwa na karatasi mkononi. Nilifikiri ni busara. Kama ningefikiri si busara ningeandika vilevile, maana aliyekaa pale hakuwa mkwe wangu. Tuliandika barua nzuri sana. Nikauliza, akasema futa, nikamgeuzia kioo, nikafuta.

Kesho yake alasiri Mkurugenzi aliingia bila kubisha hodi. Hakukaa. Aliweka simu yake mezani mbele yangu, na kwenye simu nikaiona barua ile. Ilikuwa na nafasi zangu za pembeni, na vituo vyangu, na ile aya ya pili niliyoirudia mara tatu.

"Mama, umemwandikia mke wangu barua ya kuondoka nyumbani," akasema.

Nikamwambia nimemwandikia mteja barua ya kuomba masomo, na nikamuuliza imefikaje kwenye simu yake. Akaniambia bila hata kupepesa macho kwamba kila ninachoandika kinaonekana kwake, ndivyo mashine inavyofanya kazi, na hata nikifuta kinakaa mwezi mzima kwenye kapu la taka, tena ni kwa usalama wangu. Nikamwomba anionyeshe. Akashusha kidole kwenye kioo. Walikuwa wote. Watu kumi na saba wa siku tisa. Mchinjaji nyama na ugomvi wake wa ukuta na jirani. Mwalimu mstaafu na wosia wake. Yule binti wa saluni anayemshtaki bosi wake. Wote wamejipanga kwenye simu ya mwanangu kwa majina niliyowapa mimi.

"Umesoma ngapi?" nikamuuliza.

"Sijasoma, mama."

"Umesoma ngapi?"

Akatazama ukuta. "Mbili, tatu."

Akaanza kunieleza kwamba yeye ni mume na ana haki ya kujua. Nikamwambia haki ya kuambiwa na mkewe anayo, akaidai nyumbani kwake kwa adabu. Haki ya kusoma juu ya bega langu hana, hakuwa nayo akiwa mtoto na hataipata akiwa mzee. Nikafunga ile laptop, nikazungusha waya wa chaja, nikampa. Nikamwambia kwanza asimame pale pale afute kila kitu mpaka ndani ya hilo kapu, nikiona. Alifuta.

Ulichoona wewe kundini ni cha Alhamisi. Uliona alivyoandika kwamba kazi yangu sasa inaingia kwenye ndoa za watu, kwamba umri umefika, kwamba nifunge chumba nihamie kwao nikae na wajukuu. Baba yako mdogo akaunga mkono, akaongeza na dua. Wewe ukanipigia na kuniambia shangazi, pumzika tu. Sikukujibu kwa sababu ningesema neno. Nalisema sasa kwa utulivu: sipumziki. Wajukuu wangu nawapenda kuliko ninavyoweza kueleza, na kila Jumapili wananikalia kichwani. Lakini mtu akitaka kunifungia chumba asinibebeshe mtoto mgongoni ili nisione mlango unavyofungwa.

Hata hivyo ubishi wa kundini haukuniuma. Kilichoniuma ni Muuguzi. Alikuwa amekwisha kusomewa barua yake mwenyewe mezani, mbele ya watoto, na alijua ni watu wawili tu waliokuwepo ilipoandikwa. Nilipiga simu, hakupokea. Nikapiga tena, ikazimwa. Mimi nimeitwa majina mengi hapa duniani, mkaidi, mchoyo, mkali, nikayavaa yote. Kwamba nimemuuza mtu aliyekaa kwenye benchi langu, hilo sikuweza kulivaa hata siku moja.

Nikaandika orodha ya watu kumi na saba na kuanza kuwafuata mmoja mmoja. Niliwaambia wote maneno yale yale: barua yako ilionekana na mtu mwingine, kosa ni langu, imefutwa, na huyo mtu ni mwanangu. Mchinjaji alicheka, akasema ugomvi wake wa ukuta hata mbwa wa mtaa wanaujua. Binti wa saluni akaniuliza nitanunua lini mashine nyingine, maana ana barua ya pili. Mwalimu mstaafu hakuniambia nikae. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akashukuru kwa kumwambia, akafunga mlango. Sasa anapiga chapa kwingine. Simlaumu, ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Ijumaa asubuhi nikaenda hospitalini. Nilijua nikimwita nje hatatoka, basi nikachukua namba kama mgonjwa na kukaa kwenye foleni ya kupimwa presha. Namba thelathini na nane. Aliponiita na kuniona ni mimi alisita, lakini nyuma yangu kulikuwa na watu, akanifunga ule mkanda wa mkononi na kuanza kuujaza upepo. Nikaanza kueleza. Hakuweza kuondoka, mkanda ulikuwa umetukamata wote wawili. Nikamweleza habari ya barua pepe ya Mkurugenzi, na kapu la taka, na ujinga wangu. Alikuwa anatazama mshale tu.

"Nilijua umemwambia," akasema mwisho, kwa sauti ya chini.

Nikamwambia kama ningetaka kumwambia mumewe ningemwomba yeye ruhusa kwanza, na angekataa ningenyamaza. Akaufungua mkanda polepole. Akaandika namba kwenye kadi yangu, akasema presha iko juu, nipunguze chumvi na nipunguze kugombana. Kisha akaongeza, bila kuniangalia, kwamba maombi yanafungwa Jumatatu.

Kwa hiyo kesho yake, Jumamosi, nilikwenda kuchagua kompyuta yangu, na sasa nakueleza nilivyochagua ili usije ukafikiri niliibeba kwa hasira. Fundi ninayemwamini anaitwa Bisibisi, ana duka la vifaa vilivyotumika karibu na kituo cha mafuta. Printa niliipeleka kwa toroli la muuza vitabu. Bisibisi alinionyesha nyepesi mbili nzuri, na akanishauri kwa haki kabisa kwamba naweza kufungua barua pepe yangu mwenyewe, na pale tatizo la Mkurugenzi litakuwa limekwisha. Nikamuuliza, na nikifuta mbele ya mtu, kitakuwa kimefutika wapi? Akasema huko kilikotunzwa, baadaye. Nikamuuliza huko ni wapi. Akakuna kichwa. Ni mtu mkweli, ndiyo maana nampenda.

Nikamwambia alete nzito. Akaleta moja iliyotoka kwenye ofisi fulani, nene kama tofali, herufi mbili zimefutika kwenye vitufe. Nikamwambia azime mtandao. Akazima. Nikamwambia achomeke printa yangu. Ikakohoa, ikakubali. Nikamwambia aondoe kila mlango unaotaka barua pepe ya mtu, aniache na neno la siri moja ninalolijua mimi. Ilimchukua muda, lakini alipata njia. Na aliponiambia kwamba hata huku kilichofutwa fundi mjanja anaweza kukirudisha, nilimkalia kooni mpaka akaniwekea programu ya kufuta kwa kufukia kabisa, akanifundisha, nikairudia mara nne mbele yake.

Saa saba Muuguzi, niliyekuwa nimemwelekeza duka, akaingia. Nikamwomba Bisibisi atoke nje ya duka lake mwenyewe. Alitutazama kama tumerukwa na akili, akatoka, akasimama kwenye jua na bisibisi yake mkononi. Barua niliiandika upya kutoka kichwani, na Muuguzi akairekebisha mahali pawili, safari hii kwa maneno makali zaidi na mazuri zaidi. Printa ikatoa nakala tatu. Nikamuuliza swali langu, akafikiri kidogo, akasema nitunze. Ndiyo barua ya kwanza ndani ya mashine hii. Nikamwita Bisibisi, nikamwambia nimeichukua.

Najua utakachosema. Utaniambia shangazi, ikiibwa je, ikianguka, ikifa kama ile nyingine? Ikifa, wanaosema tunza nina nakala zao kwenye flashi mbili, ndani ya kopo, ndani ya droo yenye kufuli, na ufunguo unalala nami. Inachelewa kuwaka, nakubali, naweza kukaanga yai kabla haijawa tayari. Chaji yake ni ya masaa mawili. Nikiibeba bega linalalamika. Mashaka hayo yote ni yangu, nimeyachagua nikiwa na akili timamu, na nikipoteza kitu nitakuwa nimekipoteza mimi, si mtu mwingine kwa niaba yangu.

Wala usidhani ile nyepesi itakaa bure. Nilimtumia Mkurugenzi ujumbe kwamba aisafishe jina lake lote na kumpa mkewe. Mwanafunzi anayetembea na mkoba, chuo kina mtandao, ndiye inayemfaa. Ila neno la siri achague Muuguzi, na Mkurugenzi akitaka kulijua amuulize, na akinyimwa alale hivyo hivyo. Hakunijibu wiki mbili. Kama Muuguzi amepata nafasi au hajapata, nawe muulize mwenyewe, sentensi hiyo ni mojawapo ya zile mbili alizokata.

Basi jana, wakati nakaribia kufunga, mlango uligongwa. Nilikuwa na mtu ndani, nikasema bado. Mteja wangu alipotoka, dakika ishirini baadaye, nikaona ni Mkurugenzi aliyekuwa amesimama kule nje na shati lake la ofisi, jasho limemlowesha mgongo. Kwamba alikuja nakwambia kwa sababu nusu ya mtaa ilimwona. Aliingia, akakaa. Akasema anataka kuandikiwa barua. Nikamuuliza inakwenda kwa nani, akaniambia, nami nikavaa miwani.

Ilituchukua saa nzima na robo. Ni kijana ambaye huandika ripoti za ofisini kwa mkono mmoja huku anaongea na simu, lakini hii ilimshinda, na alikuwa anafika katikati ya sentensi anasimama. Kuna mahali nilijifanya natafuta karatasi kwenye kabati ili apate kupangusa uso.

Sasa hivi najua umekaa wima. Unataka kujua barua ilikuwa ya nani na ilisema nini. Wewe ndiye uliyeninunulia mashine hii, na nakupenda kama niliyekuzaa, na yule ndiye niliyemzaa. Sikwambii. Ukipiga simu kuniuliza nitakueleza habari za goti.

Nisalimie sana mumeo, na mdogo wenu mpige mabusu mawili ya shangazi kila upande. Mama yako nilimwona juzi, mzima, anakusalimu na anauliza kama makoti yalifika. Mdogo wangu wa kike anakusalimu. Baba yako mdogo naye anakusalimu, amenunua rimoti mpya. Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe usingizi mzuri, na akupe watu wa kukuuliza unataka nini kisha wakae kimya mpaka ujibu.

Ni mimi shangazi yako akupendaye, asiyeambilika,

Mpiga chapa.